Mtambo wa mabaki ya jikoni unawaka miezi mitatu halafu unakata: jinsi ya kuurudisha

Wakuu habari za mihangaiko. Naandika hii kwa sababu swali ni lile lile kila wiki, tena karibu kwa maneno yale yale: niliweka tanki la bayogesi nyuma ya nyumba, mwanzoni nikajaza kinyesi cha ng'ombe kama nilivyoelekezwa, nikaanza kumwaga mabaki ya chakula, likawaka safi kabisa miezi mitatu, sa hivi gesi inatoka ila haiwaki na nikiongeza chakula ndo inazidi kuharibika. Wanaouliza wengi wako hapa hapa Dar, Tabata, Kimara, Mbagala, Kigamboni, watu wenye kiwanja kidogo wasiofuga ng'ombe. Na mimi ilinikuta hivyo hivyo. Tanki langu la lita 1000 liko Tabata, lilikuwa linalishwa wali na ugali uliobaki kwa mama ntilie jirani pamoja na maganda ya viazi ya kijana wa chipsi, na mwezi wa tano moto ukawa unashika sekunde mbili unazima. Fundi aliyeniwekea aliniambia kinyesi ni cha kuanzishia tu, baada ya hapo sitakihitaji tena. Hapo ndo kosa lilipo, na mwongozo huu wote unahusu hilo kosa moja.

Nadharia kidogo sana, maana bila hii hatua hazitaeleweka.

Metheni, ile gesi inayowaka, haitengenezwi na bakteria. Bakteria wanavunja chakula kuwa asidi, haidrojeni na kaboni dioksaidi, alafu wanakuja vijidudu wengine kabisa, kundi la arkea, ndo wanageuza hizo asidi na haidrojeni kuwa metheni. Hawa wa mwisho wanafanya kazi kwa vimeng'enya, yani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini mwao, na vimeng'enya vyao haviwezi kitu bila kofakta, yani kipande kidogo kinachokaa ndani ya kimeng'enya na kufanya ile kazi yenyewe, kama fundi gari na spana yake, fundi anaweza kuwepo gereji na injini ipo mbele yake lakini hana spana, atakaa tu. Kofakta ya hatua ya mwisho kabisa, pale metheni inapozaliwa, inaitwa F430 na katikati yake pana chembe moja ya nikeli. Hamna njia ya kuikwepa, metheni yote ya kwenye tanki lako inapita hapo. Nyingine ni za jamii ya vitamini B12, hizo katikati zina kobalti. Juu ya hizo kuna vimeng'enya vinavyotaka chuma kwa wingi, vingine molibdeni au tungsteni, na seleniamu inahitajika pale asidi ya propioni inapovunjwa, ile asidi inayopenda sana kurundikana kwenye matanki ya chakula. Kuna nyingine inaitwa F420, haina madini ila ina tabia nzuri sana, kwenye darubini ukiimulika kwa mwanga wa urujuani inang'aa rangi ya bluu-kijani, na watu wa maabara wanaitumia kuwatambua hawa vijidudu. Usinunue tochi ya kuangalizia noti feki ukadhani utaona kwenye ndoo, hutaona.

Sasa jiulize wali, ugali, maganda ya viazi na mkate vina kobalti na nikeli kiasi gani. Kidogo mno. Kinyesi cha ng'ombe ndo kimejaa, kwa sababu ng'ombe mwenyewe anaishi kwa vijidudu vya tumboni ambavyo vinatengeneza B12 na vinahitaji kobalti kutoka kwenye majani na madini anayolambishwa. Ndo maana ile mitambo ya kuba ambayo CAMARTEC, kituo cha teknolojia za vijijini cha Arusha, imeisambaza vijijini, inayolishwa kinyesi kila siku, haina hili tatizo. Tatizo hili ni letu sisi watu wa mjini tunaolisha chakula kitupu.

Na kwa nini miezi mitatu au minne? Hesabu ndogo. Tanki la lita 1000 ukiliingizia lita 10 kwa siku, lita 10 zinatoka upande wa pili. Kama linachanganyika vizuri, baada ya siku 100 kile ulichoanzia kimebaki kama asilimia 37, baada ya siku 200 kama asilimia 13. Madini ya kinyesi cha mwanzo yametoka na tope, yameenda kwenye mchicha wako. Mchicha umefurahi, tanki lina njaa.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Karatasi za kupimia pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka ujue asidi imezidi), zile zenye rangi nyingi za kulinganisha, zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Chagua zinazoonyesha nusu nusu kati ya 5 na 8, zile za kuruka namba moja moja hazitakusaidia.
- Chupa 3 za maji za lita moja na nusu, maputo 3 yanayofanana, na rababendi.
- Ndoo 2 za lita 20, moja ikiwa na mfuniko.
- Kinyesi kibichi cha ng'ombe, kama kilo 60 kwa tanki la lita 1000. Viroba viwili vikubwa, vitatu, bodaboda au guta anabeba.
- Bekingi soda, ile ya kulainishia maharage. SIYO bekingi pauda, hiyo imechanganywa na asidi na itakufanyia kinyume.
- Sufuria kuukuu ambalo halitarudi jikoni, na jiko la mkaa la nje.
- Glavu, kitambaa cha kuchujia, mzani hata ule wa kuning'iniza.
- Daftari. Kweli, daftari. Ukianza kukisia umelisha nini wiki iliyopita utapotea.

HATUA

1. Acha kulisha leo. Sio kupunguza, acha kabisa. Najua inauma, mama ntilie ameshakuwekea ndoo pembeni, lakini kila kilo unayoongeza inageuzwa asidi na bakteria ambao wao hawana shida yoyote, na wale wa kula hiyo asidi ndo wamelegea. Kosa namba moja la watu wote ni hili, gesi ikipungua wanadhani tanki lina njaa ya chakula, wanamwaga ndoo mbili badala ya moja. Toa na ile gesi iliyomo kidogo kidogo nje mahali pa wazi, mbali na moto na sigara.

2. Chota tope kutoka mdomo wa kutolea, pima pH, na unuse. Chota lita moja, usichote juu juu lile gamba. Lowesha karatasi, hesabu sekunde kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, linganisha rangi kivulini sio juani. Andika.

Kati ya 6.8 na 7.5: asidi haijakulemea, nenda hatua ya 3.
Kati ya 6.3 na 6.8: umeanza kuchacha, bado uko pazuri.
Chini ya 6.3: umechacha, utahitaji bekingi soda kwenye hatua ya 6.

Harufu nayo inasema. Tope zima linanuka kama udongo uliolowa na zizi kwa mbali. Lililochacha linanuka siki, na likiwa baya zaidi linanuka matapishi. Langu siku ile karatasi ilitoka rangi ya chungwa, 6.0, na harufu ilikaa kwenye mikono mpaka jioni pamoja na sabuni.

3. Andika ulichokilisha miezi miwili iliyopita, kwa uaminifu. Kama ni wanga mtupu (wali, ugali, viazi, mkate, maganda ya ndizi) na kinyesi hujaweka tangu siku ya kwanza, uwezekano wa kukosa madini ni mkubwa sana. Lakini kama wiki iliyopita ulimwaga ndoo nzima ya maganda ya machungwa na malimao, au maji ya kufulia yenye jiki, au ulibadilisha maji ukaanza kutumia ya kisima cha chumvi, basi unaweza kuwa unatafuta mchawi pasipo na mchawi, angalia sehemu ya matatizo chini. Mafuta ya maganda ya machungwa yanawaua hawa vijidudu, watu wa Mabibo sokoni wanaobeba mabaki ya matunda wawe makini hapo.

4. Fanya jaribio la chupa tatu. Hii hatua wengi wanairuka na mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu inakutenganishia mambo mawili yanayofanana: kukosa madini, na kukosa vijidudu wenyewe.

Chukua kilo moja ya kinyesi kibichi, changanya na lita 2 za maji, chuja. Gawa mara mbili. Nusu moja iache mbichi. Nusu nyingine chemsha kwenye sufuria kuukuu, nje, dakika 30 tangu ianze kutokota, alafu iache ipoe kabisa. Kuchemsha kunaua vijidudu vya metheni, hawa hawana mbegu ya kujificha kwenye joto kama bakteria wengine, lakini kobalti na nikeli haziungui, zinabaki kwenye supu.

Sasa chuja tope la tanki lako, jaza lita moja moja kwenye kila chupa:

Chupa A: ongeza mililita 100 za maji tu.
Chupa B: ongeza mililita 100 za supu iliyochemshwa.
Chupa C: ongeza mililita 100 za supu mbichi.

Kama pH ilikuwa chini ya 6.3, weka kwanza kijiko kidogo cha chai cha bekingi soda kwenye KILA chupa, zote tatu sawa sawa, subiri povu liishe, pima pH uandike. Vika maputo, kaza na rababendi, weka mahali pa joto pasipo na jua, mimi niliweka juu ya kabati la stoo. USIFUNGE na kifuniko cha chupa hata kwa bahati mbaya, presha ikipanda chupa inapasuka na kitakachokurukia usoni sio maji.

Angalia siku ya 7 na siku ya 14. Puto linakuambia kidogo tu, maana kaboni dioksaidi nayo inajaza puto, na supu yenyewe ina chakula kidogo. Kinachoongea ukweli ni pH. Wale wa metheni wakiamka wanakula asidi, na asidi ikiliwa pH inapanda yenyewe.

B na C zote zimepanda, A imebaki pale pale: ulikosa madini. Vijidudu walikuwepo, hawakuwa na vifaa.
C tu imepanda: vijidudu wenyewe walikufa au walitoka na tope. Kinyesi kibichi bado ndo dawa, ila safari ni ndefu zaidi.
Hakuna iliyopanda: kuna sumu, chumvi au amonia. Nenda kwenye matatizo.
Zote tatu zimepanda: ulikuwa unalisha kupita kiasi tu, mapumziko yametosha.

Kwangu siku ya tisa asubuhi nilipanda kwenye kigoda kuangalia, puto la A lilikuwa limelala ubavuni mwa chupa kama soksi, B na C yamesimama, na B ndo lilinishtua maana ile supu niliichemsha mwenyewe nikaiona inatokota. Karatasi ya B ilitoka 6.9, A bado 6.4. Nilikaa pale pale stoo nikiangalia hizo karatasi mbili muda mrefu.

5. Tafuta kinyesi kizuri. Sio kila kinyesi. Kiwe kibichi, cha leo au jana, bado kina unyevu, maana kilichokaushwa juani madini yapo ila vijidudu wengi wameshakufa kwa hewa. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wapo Goba, Kinyerezi, Kibamba, Chanika, na Pugu upande wa mnadani hukosi. Machinjioni napo, Vingunguti kwa mfano, kile kinachotolewa kwenye tumbo la ng'ombe ni kizuri mno, kimejaa vijidudu hai, ila kinachacha haraka kwahiyo kitumie siku hiyo hiyo.

Swali la lazima kuuliza ni la dawa. Mimi namwambia hivi:

"Shikamoo mzee. Naomba kinyesi, ila kuna ng'ombe aliyechomwa sindano wiki hizi mbili?"

"Marahaba. Yule mweupe wa kona anatibiwa kiwele, kwake usichote. Chota huku."

Dakika moja, umeokoa tanki. Antibayotiki nyingi zinatoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu na zinaenda kuua bakteria wako.

6. Rudisha hali ya asidi kwanza kama umechacha. pH ikiwa chini ya 6.3, koroga nusu kilo ya bekingi soda kwenye ndoo ya maji kwa tanki la lita 1000, mimina taratibu, koki ya gesi ikiwa wazi nje kwa sababu gesi ya kaboni itapanda ghafla. Subiri siku nzima, pima, rudia kama bado. Usizidishe kilo 2 jumla. Watu wanauliza chokaa, chokaa inafanya kazi lakini inanyonya ile gesi ya kaboni ya ndani, presha inashuka na tanki linaweza kuvuta hewa ya nje, na inaacha mawe chini. Sikushauri.

Jambo moja hapa nataka lieleweke: bekingi soda haitibu chochote. Inatuliza tu. Nimeona watu wanaweka kila wiki miezi miwili mfululizo, pH inapanda inashuka, inapanda inashuka, kwa sababu kilichokosekana bado hakijawekwa.

7. Weka kinyesi. Kilo 20 za kinyesi na lita 20 za maji, koroga mpaka mabonge yaishe, toa majani makavu na mawe, mimina. Siku ya nne rudia, siku ya nane rudia. Jumla kilo 60. Maji yakiwa ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku mzima klorini ipungue. Koroga tanki kila siku, kama halina mti wa kukorogea, chota ndoo mbili kutoka mdomo wa kutolea urudishe kwenye mdomo wa kuingizia, inatosha. Gesi ya siku hizi usiwashe jikoni, jaribu nje tu.

8. Anza kulisha tena polepole. Subiri pH ifike 6.8 bila bekingi soda na ikae hapo siku tatu. Alafu nusu kilo ya mabaki kwa siku wiki ya kwanza, kilo moja ya pili, kilo moja na nusu ya tatu, kilo 2 ya nne. Kilo 2 ndo mwisho wangu kwa tanki la lita 1000 lisilokorogwa na mashine, inanipa kama saa moja ya jiko dogo. Wapo wanaolisha zaidi, wao wanajua wanachofanya na wanapima kila siku. Saga au katakata vidogo, changanya na maji, ondoa mifupa.

9. Weka ratiba ya kinyesi ya kudumu. Hii ndo hatua yenyewe, hizo nane zilikuwa za kukufikisha hapa. Kwa kila kilo 4 au 5 za mabaki weka kilo moja ya kinyesi. Kwa anayelisha kilo 2 kwa siku ni kama kilo 3 mpaka 4 kwa wiki, ndoo ndogo moja tu, Jumamosi unampitia mfugaji. Ndoo moja kwa wiki, basi. Ukikosa wiki moja hakiharibiki kitu, ukikosa miezi miwili unarudi hatua ya 1.

Unaweza kusaidia kidogo na mlo wenyewe. Maharage na majani ya kunde yana molibdeni. Matumbo ya samaki yana seleniamu, konzi moja au mbili kwa wiki zinatosha, ukizidisha utapata amonia na harufu ya yai viza. Mabaki ya jikoni yakichanganyika, sio wanga peke yake, tanki linakaa vizuri zaidi.

MAMBO AMBAYO TAFADHALI USIYAFANYE

Usinunue chumvi za nikeli au kobalti. Viwandani wanaziweka, ndio, lakini wanapima kwa maabara, na kiasi kinachotakiwa ni chini ya miligramu moja kwa lita, mzani wako wa kuning'iniza hauwezi hata kuanza kupima hicho. Hizo chumvi zinaweza kusababisha saratani kwa anayezishika na kuzivuta puani, na tope lako linaenda kwenye mboga. Kinyesi kinakuletea madini hayo hayo kwa kipimo ambacho hakimdhuru mtu.

Usimwage unga wa madini ya mifugo. Najua pakiti imeandikwa kobalti na seleniamu, lakini angalia na vingine: chumvi nyingi, shaba, zinki. Shaba na zinki zikizidi zinawaua wale wale unaotaka kuwasaidia, na nikeli kwa kawaida haimo.

Na kuna mtu aliniuliza kwa nia njema kabisa kama atumbukize betri za simu kuukuu kwa kuwa zina kobalti. HAPANA. Betri ina sumu nyingine na inaweza kushika moto. Usitumbukize betri, usitumbukize sarafu.

Kinyesi cha kuku badala ya cha ng'ombe? Kidogo sawa, kukitegemea hapana. Nitrojeni yake ni nyingi inageuka amonia. Wenye kuku wengi wachanganye robo kwa robo tatu ya ng'ombe.

MATATIZO NA MAJIBU

Gesi ipo nyingi, haiwaki au inazima. Ni kaboni dioksaidi imezidi, metheni kidogo. Bayogesi nzuri ina metheni kama asilimia 55 mpaka 65. Pima pH, rudi hatua ya 1. Usijaribu kuwasha na kuwasha tena ndani ya nyumba, hiyo gesi ikijikusanya chumbani metheni ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka.

Gesi inanuka yai viza. Ni haidrojeni salfaidi, ya hatari, usisogeze pua kwenye mpira kujaribu. Ikizidi sana pua inazimika husikii tena harufu ukadhani imeisha. Inahusika na mada yetu moja kwa moja: salfaidi inazikamata chuma, kobalti na nikeli inazigeuza unga mweusi usioyeyuka, yani madini yapo tankini ila vijidudu hawayafikii. Punguza mayai, samaki na nyama, ongeza kinyesi, na kwenye bomba la gesi weka kichujio cha chuma cha kusugulia masufuria, kile cha nyuzi nyuzi, kikishageuka cheusi chote badilisha.

Chupa zote tatu zimegoma. Jiulize kuhusu chumvi. Visima vingi vya Dar vya karibu na pwani maji yake yana chumvi. Sodiamu ikianza kukaribia gramu 3.5 kwa lita vijidudu vinaanza kulegea, maji ya bahari yana kama gramu 10, kwahiyo kisima peke yake mara nyingi hakikufikishi huko, lakini jumlisha na samaki wa chumvi, mabaki ya supu, na ile bekingi soda ya kila wiki. Dawa ni kutoa theluthi ya tope, kujaza maji ya mvua au ya bomba yaliyolala, na kinyesi.

Tope linanuka mkojo mkali, pH iko juu ya 7.8. Hiyo ni amonia, sio madini. Umezidisha samaki, nyama, maharage au kinyesi cha kuku. Hapa ndo pa kurudisha wanga, na kuongeza maji. Bekingi soda usiiguse.

Povu linapanda mpaka kwenye bomba. Umelisha mengi kwa mkupuo au mafuta ya kukaangia. Acha siku tatu, koroga.

Nimefuata yote, wiki ya tatu bado haiwaki. Angalia pH inaelekea wapi, usiangalie moto. Ikiwa inapanda hata kwa 0.1 kila siku mbili tatu, wako kazini, na hawa vijidudu wanaongezeka taratibu mno, wengine wanachukua siku kadhaa kugawanyika mara moja. Langu lilishika moto wa kudumu siku ya 24 baada ya ndoo ya kwanza ya kinyesi. Kama pH imesimama pale pale siku 10, leta vipimo vyako vyote vya kwenye daftari, ulichokilisha, maji unayotumia na matokeo ya chupa A, B na C, tuangalie pamoja.